Unaanzaje kujifunza kumtii Mungu na kunyenyekea: mwongozo kwa aliyeokoka juzi na kwa anayeanza upya

Wapendwa, Bwana asifiwe. Naandika hii kwa sababu maswali ni yale yale kila baada ya semina au mkesha, mtu anakuvuta pembeni anakuuliza, nimeokoka na nataka kumtii Mungu kweli sasa naanzia wapi? Mwingine anasema nimeomba unyenyekevu mwaka mzima mbona nikikosolewa kidogo tu nawaka? Mwingine anauliza kwa sauti ya chini kabisa, mchungaji akiniagiza kitu na moyo wangu ukakataa, hicho ni kiburi? Nimeona niyaweke sehemu moja, hatua kwa hatua, vitu ambavyo unaweza kuvianza kesho asubuhi.

Kitu kimoja nikwambie kabla hatujaenda mbali. Wengi tunamsubiri Mungu aseme jambo jipya wakati lile alilosema zamani bado tumelikalia. Utii unajifunzwa kwenye hilo hilo ulilolikalia, na unyenyekevu unakukuta humo humo njiani ukiwa unalitenda, sio kwamba utashuka kwanza kwenye maombi ukujaze halafu ndo uanze kutii. Waebrania 5:8 inasema habari za Yesu, "ingawa ni Mwana, alijifunza kutii kwa mateso hayo yaliyompata". Alijifunza! Basi mimi na wewe tusione aibu kuingia darasani.

Vitu vya kuandaa

- Biblia. Ya karatasi ni nzuri zaidi, ila kama unayo kwenye simu sawa, zima data kwanza maana meseji moja tu ikiingia umeshatoka.
- Daftari dogo la shule na kalamu. La kwako peke yako, usiliache mezani.
- Dakika ishirini kwa siku, muda ule ule kila siku. Alfajiri ni nzuri lakini kama wewe ni mlinzi wa usiku au nesi wa shift chagua muda wako, Mungu hana saa ya ofisi.
- Mtu mmoja aliyekomaa kwenye imani, wa jinsia yako, anayejua kutunza siri na ambaye haogopi kukuambia ukweli. Anaweza kuwa mzee wa kanisa, mama wa jumuiya, kiongozi wa seli, hata babu yako kama anamcha Mungu. Asiwe rafiki yako wa kucheka naye tu maana huyo atakutetea kila siku.
- Wiki sita. Usijipime kabla ya hapo.

Hela haihitajiki. Mtu akikuambia utoe mbegu ya kiasi fulani ndo Mungu akufundishe utii, funga daftari uondoke hapo.

Hatua

1. Piga magoti, halafu nyamaza

Usianze na maombi marefu. Soma Luka 18:9-14, habari ya Farisayo aliyejisifu na mtoza ushuru, halafu omba ile sala ya mtoza ushuru kama ilivyo: "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Kisha kaa kimya dakika tano. Kama magoti yanauma kaa kwenye kiti, hakuna shida, kinachotakiwa ni mdomo kutulia. Siku za kwanza mawazo yatakimbia, utakumbuka ada, utakumbuka mtu aliyekuudhi juzi, na nakuambia huyo mtu aliyekuudhi usimfukuze haraka kichwani, mwandike jina pembeni kwenye daftari, huenda yeye ndiye somo lenyewe.

Angalia kosa hili: ukimaliza kusoma habari ya yule Farisayo ukajikuta unamfikiria jirani yako kanisani, rudia kusoma.

2. Andika jambo MOJA ambalo tayari unajua Mungu anataka

Hapa ndo watu wanakwama kuliko sehemu yoyote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sijasema andika orodha, nimesema moja. Na sijasema jambo ambalo unahisi-hisi, nimesema unalolijua, liko kwenye Neno waziwazi na ukilitaja tu dhamiri yako inashtuka. Mfano: deni la dukani kwa Mangi ambalo siku hizi unapita njia ya nyuma ili asikuone. Hela ya kikoba uliyoikopa ukasema ya hospitali na haikuwa ya hospitali. Wifi yako hamjasalimiana tangu msiba ule. Namba ya mtu kwenye simu umeisevu kwa jina la fundi na unajua sio fundi. Mshahara wa dada wa kazi, mwezi wa pili sasa unamwambia "ntakupa", na Jumapili umetoa sadaka ya shukrani mbele za watu.

Unaona? Hakuna hata moja hapo linalohitaji maono. Ndio maana watu hawalipendi, ni dogo na linaaibisha. Soma 2 Wafalme 5 yote taratibu. Naamani jemadari wa Shamu amekuja na farasi na magari na dhahabu, ana ukoma, Elisha hata hakutoka nje kumpokea, akamtuma mjumbe tu, nenda ukaoge Yordani mara saba. Jamaa akakasirika akaondoka! Alitegemea nabii atoke, asimame, aliitie jina la Bwana, apungie mkono mahali penye ugonjwa. Tena akasema mito ya Dameski, Abana na Farpari, ni mizuri kuliko maji yote ya Israeli. Ni watumishi wake waliomrudisha wakimwambia, baba, kama nabii angekuambia ufanye jambo kubwa si ungelifanya? Basi hili dogo linakushindaje? Mimi naamini ile safari ya kushuka majini mbele ya watumwa wake, avue mavazi ya ujemadari ngozi ionekane, ndiyo ilikuwa sehemu ngumu kuliko ukoma wenyewe. Kutii na kunyenyekea vilitokea dakika ile ile.

Ukishaliandika weka tarehe. Kama huoni jambo lolote kabisa, soma Mathayo 5 mpaka 7 polepole kwa siku tatu. Utaliona.

3. Litende ndani ya siku mbili

Ukingoja zaidi ya hapo utaanza "kuliombea" na kuliombea jambo ambalo Mungu ameshalijibu ni namna ya kukataa kwa adabu. Sauli alifanya hivyo hivyo, 1 Samweli 15, ameambiwa aharibu vyote yeye akabakiza ng'ombe na kondoo wazuri akasema ni za kumtolea Bwana dhabihu. Samweli akamjibu kutii ni bora kuliko dhabihu. Kwa hiyo usitoe sadaka kubwa ili kufidia kitu ulichokataa kufanya.

Kama ni kuomba msamaha fanya hivi:

- Nenda mwenyewe, au piga simu. Meseji ndefu ya WhatsApp ni kujificha, itumie pale tu ambapo hakuna njia nyingine.
- Taja kosa kwa jina lake. "Nilikosa. Nilisema kwa watu kwamba ulikula mchango, na sikuwa na ushahidi. Nisamehe." Basi, nyamaza hapo.
- Neno LAKINI lisitoke mdomoni. "Nisamehe lakini na wewe ulini..." hapo umeshaharibu, ni bora ungebaki nyumbani.
- Usiseme "kama nilikukosea". Unajua ulimkosea.
- Kama ni mtu mzima kwako shikamoo kwanza, kaa chini, usimsimamie mlangoni. Na kama aliyekosewa ni mtoto wako omba msamaha vile vile, tena kwa maneno yale yale. Wazazi wa kwetu hili linatushinda sana, tunamnunulia soda tunadhani yameisha.

Kama ni mali, rudisha. Zakayo alisema aliyemdhulumu atamrudishia mara nne, Luka 19:8. Huna hela yote? Peleka ulichonacho leo, sema ukweli kuhusu kilichobaki, panga kiasi cha kila mwezi, tuma kwa M-Pesa na ubaki na ujumbe wa muamala. Wazee wetu wa uamsho, ule wa miaka ya 1930 uliowaka Gahini kule Rwanda na Uganda ukafika Bukoba na Kenya, walijulikana kwa jambo hili kuliko hata kwa nyimbo zao. Mtu akiokoka anarudisha alichomwibia mwajiri, anamwendea mwenzake anaungama chuki ambayo mwenzake hata hakuijua, wamisionari wa Kizungu nao wakajikuta wanaomba msamaha kwa Waafrika waliokuwa wanawadharau. Waliita kutembea nuruni. Nasikitika sana siku hizi tunaimba wimbo wao wa Tukutendereza mpaka machozi halafu deni la Mangi liko pale pale.

ONYO, na hili naomba ulisome mara mbili. Kama jambo lako linahusu uzinzi, kosa la jinai, au mtu aliyekupiga au kukunyanyasa, usikurupuke peke yako. Ongea kwanza na yule mtu wako aliyekomaa au mchungaji unayemwamini. Kusamehe anayekupiga hakukulazimishi urudi kwake, na unyenyekevu sio kukaa mahali ambapo maisha yako au ya watoto yako hatarini. Kutoa taarifa polisi au ustawi wa jamii hakukuondolei wokovu.

4. Funga siku moja kwa wiki, bila kumwambia mtu

Chagua siku, mfano Jumatano, ruka chakula mpaka jioni, kunywa maji. Hela ya chakula cha mchana mpe mtu mwenye shida siku hiyo hiyo. Mathayo 6:16-18 Yesu alisema ukifunga paka mafuta kichwani na unawe uso, watu wasikujue. Kwa lugha yetu ya leo: usiweke stetasi ya "niko kwenye mfungo, niombeeni". Usitembee na uso wa msiba ofisini. Ukialikwa chai sema "leo niko sawa, asante" yatosha.

Wewe ni mjamzito, unanyonyesha, una kisukari, vidonda vya tumbo, au uko kwenye dawa za TB au ARV? Usifunge chakula kabla hujaongea na daktari, na dawa USIACHE hata siku moja. Funga kitu kingine, simu baada ya saa mbili usiku, mpira, tamthilia. Na mfungo mkavu (bila chakula wala maji) wa siku tatu usiwe wa kwako wewe unayeanza.

5. Chukua kazi ya chini ambayo haina makofi

Kanisani kuna kazi za mbele na kazi za nyuma. Wewe kwa hizi wiki sita chukua ya nyuma: kufagia Jumamosi, kupanga viti, kuosha vyoo, kusugua masufuria baada ya msiba. Yohana 13 Yesu alijua Baba amempa vyote mikononi mwake, ndipo akajifunga kitambaa akawatawadha miguu wanafunzi wake, na Yuda alikuwa bado yupo chumbani pale. Maana yake aliosha na miguu ya Yuda.

Masharti ni mawili tu. Hakuna picha, na hakuna kuuliza "mmeona nilivyopanga?" Itafika Jumapili mwenyekiti wa kamati atasimama kushukuru na atataja mtu mwingine kwa kazi uliyoifanya wewe, na moyo utapanda hapo hapo. Usinune, usiache kazi. Hiyo Jumapili ndiyo uliyokuwa unaingojea bila kujua, jioni andika kwenye daftari ulichohisi, chote, bila kukipamba, halafu wiki inayofuata nenda kafagie.

Na harusini, kama kadi haijasema unakaa wapi, kaa nyuma (Luka 14:7-11), ukiitwa meza kuu utaenda.

6. Omba kuonywa

Mara moja kwa wiki kaa na yule mtu wako umuulize swali hili: "Umeona nini kwangu wiki hii ambacho hakimpendezi Mungu?" Akijibu, sema asante. Usijitetee kwa siku nzima, hata kama amekosea. Kesho yake ukiwa umetulia, ukaona kweli amekosea, mweleze kwa upole. Utashangaa mara ngapi ile kesho ikifika huna tena cha kujitetea.

Vijana hii inawauma hasa akiwaonya mtu ambaye hajasoma kama wao. Mchukue Apolo kwenye Matendo 18, mtu wa elimu, hodari katika maandiko, akaelekezwa vizuri zaidi na Prisila na Akila ambao kazi yao ilikuwa kushona mahema. Akakubali.

7. Jifunze kusema "utakavyo wewe" bila kuigiza

Hii iache mpaka wiki ya nne au ya tano. Kuna kitu unakitaka sana, mtoto, kazi, ndoa, uponyaji. Kule Gethsemane Yesu alianza kwa kusema anachotaka, kikombe kimwepuke, ndipo akasema "walakini si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe". Na aliomba hivyo mara tatu. Kwa hiyo na wewe usiruke sehemu ya kwanza. Mwambie Mungu unachotaka kwa jina, lia kama unalia, halafu ndo umwachie. Mtu anayeruka kwenda moja kwa moja kwenye "mapenzi yako yatimizwe" mara nyingi hajakubali, amekata tamaa tu na hataki kusema.

Makosa ninayoyaona sana

Unyenyekevu wa mdomo. "Mimi si kitu mtumishi, mimi ni mavumbi tu", halafu mtu akimkubalia kwamba kweli katika hili hujui, vita. Ukisifiwa sema asante, Mungu ni mwema, endelea na kazi.

Nadhiri za mkesha. Saa tisa usiku kinanda kinalia unaahidi kuomba masaa manne kila siku maisha yako yote, Jumanne umeshindwa, Ijumaa umejificha. Mhubiri 5:5 inasema ni heri usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Ahidi dakika ishirini.

Kumtii mtu ukidhani unamtii Mungu. Hili ni zito kuliko yote. Heshimu watumishi, wasikilize, lakini hakuna mchungaji, nabii wala mtume aliyepewa dhamiri yako aitunze mfukoni. Mtu akitaka umtii kwa siri, akakutenga na familia, akakuzuia dawa au shule ya watoto, akataka hati ya kiwanja, ondoka. Mwaka 2023 kule Shakahola, Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 kwenye msitu ambako watu walifundishwa kufunga mpaka kufa ili wakamwone Yesu, na watoto walikuwa wengi humo. Wale waliamini wanatii. Waberoya, watu wa mji wa Beroya, walimpima hata Paulo kwa maandiko kila siku na Biblia ikawasifu (Matendo 17:11), kwa hiyo kumpima mchungaji wako sio kiburi. Kiburi ni kumkataa kwa sababu tu amekugusa penye kidonda. Jinsi ya kutofautisha: anachokuagiza kiko kwenye Neno, na anakubali ukamuulize mtu mwingine? Kama vyote ni ndiyo na bado hutaki, basi shida iko kwako.

Ukikwama

*Nimeomba msamaha, akanitukana na akaenda kunitangaza.* Sehemu yako imeisha. Mathayo 5:24 ilikuambia uende, haikukuahidi atakavyokupokea. Usirudi kumwomba kila wiki, mwombee na msalimie mkikutana.

*Nimeanguka kwenye jambo lile lile.* Usianze wiki upya kwa kujiadhibu kwa mfungo mrefu. Ungama leo, mwambie mtu wako leo, na uangalie ni saa ngapi na mahali gani unapoangukia. Mara nyingi ni simu na ni usiku. Basi simu ilale sebuleni.

*Naona nimeanza kujisifu kwamba mimi ni mnyenyekevu.* Itatokea, karibu kila mtu inamtokea wiki ya tatu. Usipigane na hilo wazo, lisikuchukulie muda, nenda ukafanye kazi inayofuata.

*Watu wameshajua sisemi hapana, wananitumia.* Hapana ni neno la Kikristo kabisa. Yesu alipotafutwa na watu wote Kapernaumu, Marko 1, aliondoka akaenda miji mingine kwa sababu ndicho alichotumwa. Sema "leo siwezi" bila maelezo kumi.

*Mume wangu hataki habari za kanisa, na mimi nataka kwenda maombi kila jioni.* Usiache nyumba haijapikwa wala mtoto hajafanya homuweki ukasema unamtii Mungu. Punguza jioni ziwe mbili, mwambie waziwazi unakwenda wapi na unarudi saa ngapi, na urudi saa hiyo.

*Nimelifanya jambo langu moja, sasa nini?* Andika la pili, weka tarehe, rudi hatua ya tatu.